Kona ya Herufi M

Gari langu la kuongozwa kwa redio linaenea kiganjani. Limepunguzwa mara 28, hivyo gari la mita 4.5 limekuwa la sentimita 16, na tairi lake ni kubwa kidogo tu kuliko kifungo cha koti. Ndani mna mota, gia mbili, betri nne nyembamba kama za rimoti ya televisheni, na kibao cha umeme kinachopokea amri kutoka mkononi mwangu. Uwanja wake ni sebule yetu, juu ya mikeka ya povu ya watoto, ile ya vipande vinavyoshikana kwa meno, kila kimoja na herufi yake. Wanaoshindana kwa magari haya nao hutandaza vipande vya povu, ila vyao vimetengenezwa kwa mbio na havina herufi. Mimi nina A mpaka Z, isipokuwa Q iliyotafunwa na mwanangu alipokuwa anaota meno.

Kona ngumu kuliko zote iko kwenye M.

Mgeni akiliona gari hili huuliza swali moja: linakimbia kiasi gani? Nami nilianza na swali hilohilo, tena kwa uroho. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mota kali zaidi. Nikaifunga usiku, nikaliweka gari chini, nikabonyeza. Lilizunguka papo hapo mara tatu kama pia, likagonga mguu wa kochi, na kabla sijaliokota harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa imeshatanda. Mke wangu akatoka chumbani kuuliza nimeacha nini kwenye jiko. Transista ndogo zinazopeleka umeme kwenye mota zilikuwa zimepangwa kwa mota ya kawaida. Mota mpya ilivuta mkondo mkubwa kuliko zinavyoweza kupitisha, zikaiva. Kosa langu, na nililipa bei ya kibao kizima.

Wakati nangoja kibao kingine ndipo nilipoanza kulitazama gari kwa macho ya fundi. Udogo una hesabu zake. Ukipunguza urefu mara 28, ujazo unapungua mara 28 kwa 28 kwa 28, yaani mara 21,952. Gari la kilo 1,400 lingetakiwa kubaki na gramu 64 tu. Betri zangu nne peke yake zinafika gramu 50 hivi, na bado sijagusa mota wala bodi. Kwa hiyo gari hili, hata likionekana jepesi kama kiberiti, kwa kipimo chake ni zito kama lori lililopakia. Na ufa wa milimita 2 kati ya vigae vya sakafu, ambao mguu wako hauuhisi kabisa, kwake ni mtaro wa karibu sentimita 6. Ndiyo maana kuna mikeka. Ndiyo maana pia naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kila mara kabla ya kuendesha, kwa sababu vumbi la siku moja la Dar es Salaam linatosha kuligeuza povu kuwa barafu.

Kibao kilipofika sikurudisha mota kali. Nilibadilisha bushi. Magari mengi ya aina hii huja na pete za plastiki mahali ekseli inapopita, na plastiki ikisuguana na chuma inakula nguvu ambayo tayari ni haba. Beringi za ukubwa wa punje ya choroko zikawekwa pande zote. Zungusha gurudumu kwa kidole sasa: linaendelea lenyewe, kimya, mpaka unachoka kulisubiri. Sikuongeza nguvu hata kidogo, niliacha tu kuipoteza.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifunza bisibisi. Nilikuwa natumia ya nyota ya kawaida, na kila skrubu niliyofungua ilitoka na kichwa kilicholika. Kumbe skrubu za gari hili ni za nyota ya Wajapani, nayo si nyota hii yetu. Inafanana nayo kwa macho, lakini pembe na kina chake ni tofauti, na bisibisi isiyo yake haikai mpaka chini, inapanda na kuruka. Ile sahihi inazama na kutulia, ukiinua bisibisi skrubu inaning'inia nayo. Sijui kama kuna raha ndogo kuliko hiyo inayostahili kusifiwa, lakini mimi naisifu.

Hao Wajapani waliujenga mchezo huu juu ya ufundi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilianza 1946 kwa biashara ya mbao. Mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934 lililopunguzwa mara 12, na likauzwa likiwa vipande. Mnunuzi akalazimika kuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Vitabu vyao vya maelekezo vingefaa kufundishia uandishi. Skrubu imechorwa kwa urefu wake halisi, unailaza ya mkononi juu ya picha kuhakikisha ndiyo yenyewe, na maneno ni machache kiasi kwamba asiyejua lugha hakosi kitu.

Sasa niseme la difu, ile sehemu inayoyaachia magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, maana hapo nilipata mwenzi. Ekseli yangu ilikuwa imepinda, nikaipeleka eneo la Gerezani kwa mzee mmoja anayefungua difu za malori. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilipomwekea ile sehemu ya nyuma mkononi alidhani namtania. Kisha akazungusha gurudumu moja mbele, na lile la pili likarudi nyuma. Akavaa miwani.

"Hii difu hii!"

"Difu ndiyo, mzee."

"Krauni iko wapi?"

"Haina. Ndani mna gololi."

"Gololi zitashikaje?"

Nikamwonyesha. Gia kubwa imetobolewa matundu, kila tundu lina gololi ndogo, na pande zote mbili kuna visahani vya chuma vinavyobanwa na nati moja. Nati ikilegea gololi zinateleza, mota inalia na gari haliendi. Ikikaza kupita kiasi magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja.

"Hapo linakataa kona," akasema kabla sijamaliza.

"Linakataa, mzee. Linanyooka tu."

"Hata lori likifunga difu ni hivyo hivyo. Linakwenda ukutani na usukani umeukata." Akaipeleka ile ekseli kwenye mwanga, akaigonga mara mbili na nyundo ambayo uzito wake ungetosha kulisaga gari langu lote, akanirudishia imenyooka. Alikataa pesa. Alitaka tu kuizungusha tena.

Kilichobaki ni matairi, na hapo ndipo penye elimu yenyewe. Tulipokuwa watoto tukitengeneza magari ya waya, magurudumu tuliyakata kwenye ndala, na kila mtoto alijua kwamba ndala kuukuu iliyokauka haina mshiko wa ndala laini. Mpira wa haya nao unauzwa kwa namba ya ugumu: 20 ni laini, 40 ni mgumu. Mtu angedhani aweke laini pande zote, ashike kila mahali. Nilijaribu, nikianza na mbele. Mbele ikashika kuliko nyuma, matako ya gari yakafyatuka, na nilipoweka laini nyuma pia likaanza kupinduka kwenye kona kama daladala lililojaza. Nikaweka 30 mbele na 20 nyuma. Halafu nikachukua supaglu, nikapaka utepe mwembamba ubavuni mwa matairi ya mbele, pale yanapokunjika gari likilala, ili ubavu uteleze badala ya kung'ang'ania. Unazungusha tairi taratibu kwa mkono mmoja huku ncha ya chupa ikigusa tu, hupumui, na tone moja likizidi limeshashuka mahali pa kukanyagia na tairi limekwisha. Nimeharibu sita. La saba nilipaka vizuri, likakauka liking'aa kama kiatu cha Idi.

Nyuma hakuna springi kama unazozijua. Kuna kibao chembamba cha faibaglasi chenye umbo la T, kinachounganisha mwili wa gari na sehemu ya mota, na kule kujipinda kwake ndiko springi. Kigumu kinalipa gari haraka ya kujibu, laini kinalisamehe mkono mzito. Mimi nina mkono mzito. Nimekubali.

Anayeseti gari akigusa vitu viwili kwa mpigo hajui kipi kilichomsaidia, na kesho hawezi kukirudia. Kwa hiyo nagusa kimoja, naendesha mizunguko kumi, naandika. Binti yangu ndiye mshika saa. Hana huruma. "Baba, hapo umegusa ukuta, hiyo haihesabiwi." Daftari limejaa namba na alama ambazo mtu mwingine angedhani ni za mganga. Ile mota kali bado iko kwenye droo, na siku mojamoja naitoa, naiangalia, naifungia tena. Maandishi ya Jumapili iliyopita yanasomeka hivi:

"Mbele 30, ubavu umepakwa. Nyuma 20. Kibao laini. Difu nimelegeza robo mzunguko. M: linapita bila kuachia mafuta. T: bado linavuta nje, jaribu springi za mbele."