Alama ya Ukwato na Sekunde 3 za Kimya

Video ya dakika 2 ya kuwafundisha wanafunzi wa darasa la nne jinsi mbu wa malaria anavyokua huanza kwa kupunguza. Malaria ina homa, vimelea, dawa, chandarua na mbu. Yakiingizwa yote, mtoto hutoka na wimbo wa mwanzoni tu. Hapa linabaki swali moja: mbu huyu anatoka wapi?

Mpango huandikwa kwenye karatasi ya safu mbili, kushoto picha, kulia sauti. Maandishi ya skrini nayo hubanwa. Majaribio ya mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, yalionyesha kuwa maandishi yanayorudia neno kwa neno anachosema msimulizi mara nyingi hupunguza uelewa, kwani macho huacha mchoro yakafuata herufi. Basi huandikwa neno geni tu, “kiluwiluwi”, likakaa mpaka msomaji wa polepole alimalize.

Safu ya picha ndiyo yenye kazi. Wachoraji wengi humweka mbu wa malaria jalalani au kwenye mtaro wenye maji machafu, ambako kwa kweli hustawi zaidi mbu wa jamii ya Culex. Mbu wa malaria, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vinavyopigwa jua, hata maji ya mvua yaliyotuama kwenye alama ya ukwato wa ng’ombe. Kwa hiyo picha ya kwanza ni alama hiyo ya ukwato. Kamera hushuka hadi usoni mwa maji, alipolala kiluwiluwi sambamba na uso huo. Pembeni huchorwa wa Culex, anayening’inia kichwa chini kwa mrija wake wa kupumulia. Msimulizi hunyamaza sekunde 3, mtoto aione tofauti kabla hajaambiwa.

Kuhesabu maneno ya skripti ili kukadiria muda hudanganya: “hawajaanguliwa” ni neno moja, lakini limebeba sentensi nzima. Skripti husomwa kwa sauti, saa mkononi, na kinachozidi hukatwa. Muziki hushushwa kila msimulizi anaposema, maana darasani kuna spika moja ndogo na pengine mvua juu ya mabati. Mlio wa mbu husikika mara moja tu, anaporuka kutoka majini, wiki 1 hadi 2 baada ya mayai kutagwa.

Kabla ya kurekodi sauti, michoro huonyeshwa watoto wachache kimyakimya, kisha huulizwa mbu katoka wapi. Wakijibu “kwenye takataka”, alama ya ukwato huchorwa upya.