MS 382 Yapanda Uluguru

Imewaka! Mvuto wa kwanza wa kamba, kimya. Wa pili ikakohoa, nikarudisha choki nusu. Wa tatu ikanguruma mpaka kuku wa mjomba wakakimbilia migombani. Ni saa moja na nusu asubuhi, shambani juu ya Mkuyuni, upande wa mashariki wa Uluguru. Ukungu bado umeukalia mlima, na mikononi nimeshika Stihl MS 382 ambayo mpaka jana nilikuwa naiona pichani tu. Acha niseme sasa hivi, kabla moyo haujatulia: sijawahi kushika chenso inayoufaa mlima huu kuliko hii!

Nasema mlima kwa makusudi. Mtu wa tambarare akiangalia chenso huuliza nguvu. Mtu wa huku huuliza uzito kwanza, maana hakuna lori litakalofika kwenye mti. Chenso hupanda begani, petroli hupanda kwenye dumu, na mti hupasuliwa palepale ulipoangukia. Kisha mbao hushuka vichwani mwa vijana, kwenye njia nyembamba inayogeuka utelezi mvua ikishanyesha. Kwa hiyo hesabu yangu ilianzia hapo. MS 382, injini peke yake bila baa, mnyororo wala mafuta, ina kilo 6.2. Silinda yake ni cc 72.2 na nguvu ni kilowati 3.9. Nimepanda nayo kutoka barabarani bila kubadilisha bega hata mara moja!

Mzee mpasuaji tuliyepanda naye alibeba 070 yake, na hapa lazima nisimame kidogo kwa heshima. Stihl 070 ilitoka mwaka 1968, ina cc karibu 106, na inapita kilo 10 kabla hujaifunga baa. Ukiisikia ng'ambo ya bonde unaijua: sauti nzito ya kuburuta, kama pikipiki kubwa inayopanda na mzigo. Haizunguki kwa kasi, lakini ikishauma gogo haiachi. Ukipasua mbao kwa mkono mtupu, bila reli wala fremu, unafuata urefu wa nyuzi za mti mita nzima baada ya mita, na hapo injini ndogo hukwama na kuchemka. Ndiyo maana wapasuaji wa zamani wanaiapia. "Mwanangu," mzee aliniambia akiigonga tangi, "hii haina haraka, lakini haikatai gogo."

Mti wenyewe ulikuwa msederela, unene wa sentimita 55 hivi kifuani, umepandwa shambani miaka mingi iliyopita. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba, na kibali alikuwa nacho mfukoni, kimekunjwa mara nne. Msederela ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, na ukiuacha unasambaa. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima hii karibu na mto Ruvu, umevamia mpaka unasumbua mikadi anamoishi yule mjusi mdogo wa buluu ambaye hapatikani popote duniani nje ya misitu michache ya Morogoro. Kuukata shambani, basi, hakukunipa huzuni yoyote.

Nikakata mdomo upande wa mteremko, nikazunguka nyuma, na MS 382 ikaingia kana kwamba mti ulikuwa unaingoja. Chembe ziliruka ndefu na nyekundu, na harufu! Msederela ukikatwa hutoa harufu tamu ya sanduku jipya, ikajaa shamba zima. Kabari mbili, mlio mmoja wa nyuzi kukatika, na mti ukalala pale pale tulipotaka, katikati ya mistari ya mihogo bila kuvunja hata shina moja. Mitetemo niliyoizoea, ile inayoacha vidole na ganzi hadi usiku, haikuwepo. Na breki ya mnyororo iko mbele ya mkono, inafungwa kwa kusukuma kidogo tu. Wapasuaji wengi huku hufanya kazi wamevaa kandambili, na kila nikiwaza hilo naishukuru breki hiyo zaidi.

Halafu ukaja mtihani wenyewe, kupasua. Tulipiga kamba iliyochovywa kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, mistari ikatokea minyoofu juu ya gogo, tukaanza. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba chapa ya injini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jino. Mnyororo unaotoka dukani umenolewa kwa pembe ya nyuzi 30, nzuri kwa kukata mti kwa upana. Ukitaka kupasua kwa urefu, unalinyoosha jino hadi nyuzi 10 hivi, na ghafla mashine ileile inatulia na mbao inatoka laini. Mzee alichukua tupa ya milimita 5.2, akakaa juu ya kisiki, akapita jino moja baada ya jingine bila kupima kwa chochote ila jicho. Niliporudi kwenye gogo nilidhani amenibadilishia chenso! Umbo la jino hilo la ndoano lina kisa ninachokipenda sana. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza wa mbawakawa akila gogo kwa taya zinazokata kushoto na kulia, akaiga. Minyororo mingi tunayofunga leo ni wazo la funza yule.

Kuna gharama, na naitaja kwa sababu naipenda mbao kuliko ninavyoipenda injini. Mnyororo hula karibu milimita 9 kila unapopita. Mbao ya inchi moja ni milimita 25. Yaani kila ukitoa mbao tatu, ya nne umeigeuza unga. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, ulikuwa unakula chini ya nusu ya hapo. Hakuna chapa yoyote iliyolitatua hilo.

Najua mashabiki wa Husqvarna wananisubiri, na nawapa haki yao. Kampuni hiyo ya Uswidi ilianza mwaka 1689 ikitengeneza bunduki, na ile 372 XP toleo la X-Torq ina cc 70.7 na kilowati 4.1, kidogo zaidi ya hii yangu. Inakimbia! Ukiikanyagia inapanda kasi kwa namna inayomfanya mtu acheke peke yake. Kama kazi yangu ingekuwa kuangusha na kupogoa mitiki kule Mtibwa kutwa nzima, ningeichukua bila kuuliza mara mbili. Lakini kwa kupasua mlimani nataka utulivu kabla ya kasi.

Na zile za bei nafuu za cc 58 zilizojaa madukani? Kwa nguzo za mgrivelea na kuni zinatosha, na vijana wengi wameanzia hapo. Yangu, ya chapa nisiyoitaja, iliunguza klachi kwenye gogo la pili la kupasua. Nikaenda duka moja kununua mnyororo ulioandikwa jina kubwa, nao ukanyooka kama uzi wa sweta kabla ya mchana, ulikuwa bandia. Nilishuka mlima siku ile mikono mitupu, na tangu hapo naelewa kwa nini mafundi huku hushikilia chapa moja kama kabila. Wanashikilia mashine ambayo spea yake halisi inapatikana mjini Morogoro siku hiyohiyo, na ambayo fundi jirani anaweza kuifungua na kuifunga macho yakiwa yamefumba.

Hapo ndipo MS 382 iliponimaliza kabisa. Kabureta yake ni ya kawaida! Bisibisi moja, sikio zuri, umeirekebisha. Stihl hao hao wanatengeneza MS 500i, ambayo tangu 2019 inaingiza mafuta kwa umeme, cc 79.2, kilowati 5, na uzito uleule wa kilo 6.2. Ni maajabu, naitamani. Lakini ikigoma juu ya Kinole utamwita nani? Hii yangu inataka petroli safi na oili nzuri ya injini za mipigo miwili, moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita, basi. Jambo moja nililobadilisha ni kutomwagia mnyororo oili chafu ya gari. Kijito kinachopita chini ya shamba la mjomba kinaishia Ruvu, na Ruvu wanakunywa Dar es Salaam.

Juu yetu, pale mashamba yanapokoma, unaanza mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Huko chenso haiendi, iwe ya chapa gani. Nilipoizima mchana, ndege wa msituni walirudi kuimba kabla masikio yangu hayajaacha kuvuma.

Kufikia saa kumi tulikuwa na mbao ishirini na mbili za moja kwa nane, zimepangwa chini ya mwembe zikauke. Gogo la shinani, nene kuliko yote, tuliliacha kwa ajili ya 070 kesho. Mzee akaifunika mashine yake kwa turubai pembeni ya gogo, akafunga kamba, kisha akanyoosha mkono bila kusema kitu. Nikampa MS 382. Akaipima kwa mkono mmoja, akaiweka begani, na akateremka nayo njia nzima mpaka barabarani.