Mtu wa Mwisho Kuamka: Adam Shafi na Ufundi wa Kuwaandika Wavuja Jasho

Anayetunga riwaya ya mapinduzi huvutwa sana kumweka katikati mtu aliyekwisha kuelewa: kijana shupavu, msemaji hodari, asiyemwogopa bwana wala polisi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi hakukubali kuvutwa. Kijana wa aina hiyo yumo, anaitwa Vuai, lakini moyo wa hadithi amekabidhiwa Kijakazi, mtumishi anayemhudumia mwenye shamba, Fuad, kwa imani kamili kwamba utumishi huo ndio heshima yake duniani. Mwandishi amemchagua mtu atakayekuwa wa mwisho kuamka, akatutaka tutembee naye. Uamuzi huo ndio unaoibeba riwaya yote, nami naona haujasifiwa vya kutosha.

Tazama unavyofanya kazi. Fuad anapomtukana, Kijakazi huanza kutafuta kosa lake mwenyewe. Anapodharauliwa, huongeza bidii. Yeye hana hasira hata kidogo, na kwa sababu hana, hasira hiyo inalazimika kutafuta pengine pa kukaa, nayo inakaa kwa msomaji. Hakuna haja ya msimulizi kutangaza kwamba huu ni unyonyaji. Kila mara Kijakazi anapomtetea bwana wake, msomaji ndiye anayeandaa mashtaka. Wataalamu wa fasihi wangeiita hali hii kinaya, lakini ni kinaya kisicho na kicheko, maana mwandishi hamdhihaki mwanamke huyu hata mara moja. Anampenda. Angemfanya mjinga wa kuchekwa, riwaya ingekufa.

Utiifu huo pia haukutoka hewani, na hapa ndipo Shafi anapoonyesha kuwa anaijua ardhi anayoiandika. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe. Waliokaa mashambani walikaa kwa ridhaa ya mwenye shamba: walipalilia chini ya mikarafuu yake, nao wakaruhusiwa kupanda mihogo na migomba yao. Ruhusa hiyo ingeweza kuondolewa. Mtu anayeweza kufukuzwa wakati wowote kutoka mahali alipozaliwa hujifunza kumpenda anayeweza kumfukuza, na mapenzi hayo huwa ya kweli, si ya kuigiza. Shafi halielezi jambo hili kwa takwimu. Analiweka katika mikono ya Kijakazi, katika kazi za kila siku ambazo zingeonekana ndogo mno kuingia kitabuni: mifugo, jiko, kwenda na kurudi.

Ndiyo maana Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yanapoingia katika hadithi, hayamgeuzi Kijakazi papo hapo. Mtunzi mwenye haraka angemwamsha kwa mlio wa bunduki. Shafi anajua kwamba ardhi inaweza kubadili mwenyewe kwa tangazo moja la serikali, ilhali nafsi iliyolelewa katika utii huhitaji muda. Anaiacha ichelewe, hata pale kuchelewa huko kunapomkera msomaji aliyekwisha kufika mbele. Kwangu, kurasa hizo ndizo bora kuliko zote alizoandika kuhusu Mapinduzi.

Mwaka uliofuata, 1979, Tanzania Publishing House ikatoa Kuli, nasi tukahamishwa kutoka shambani hadi bandarini. Riwaya hii imesimama juu ya tukio la kweli: mgomo wa Agosti 1948, ulioanza kwa makuli wa Unguja na kusambaa kwa wafanyakazi wengine mpaka mji ukasimama. Mwaka mmoja kabla, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimeshuhudia migomo yao. Shafi aliikuta historia iliyokwisha kuwa na kilele. Kilichobaki kwake ni kutafuta njia ya kukifikia.

Njia aliyoipata mwanzoni ni nzuri mno. Rashidi ni mtoto wa kuli aliyepoteza maisha katika kazi hiyo, naye anaishia kuinama chini ya magunia yale yale. Urithi wa mwana wa tajiri ni nyumba na mashamba. Wa Rashidi ni mgongo. Mpangilio huo wa baba na mwana unatoa hoja yote ya kitabu bila hotuba.

Halafu hotuba zinakuja. Faraji, mwenzake mwenye uelewa, anamfunza Rashidi umoja na haki, na masomo hayo yanameza nafasi kubwa. Rashidi anaelewa upesi mno, jibu linatangulia swali, na msomaji aliyekuwa akitetemeka kwa ajili ya Kijakazi anajikuta amekalishwa darasani. Najua wakati ule ulivyokuwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mwandishi alitarajiwa kufundisha, na Shafi aliamini kwa dhati alichokifundisha. Hata hivyo, ufundi una sheria zake: anayezaliwa tayari kuelewa hana safari ya kutuonyesha.

Alilijua hilo? Vuta N'kuvute, iliyotoka miaka ishirini baadaye, mwaka 1999, inanifanya niamini kwamba alilijua. Siasa ya kupinga ukoloni imo tele, na mwanaharakati Denge anaisema. Lakini sasa kila neno la Denge lina bei. Inspekta Wright na Koplo Matata wako nyuma yake, na Yasmin anayempenda anaweza kumpoteza. Maneno yale yale ambayo katika Kuli yangekuwa somo, hapa yanakuwa hatari. Tena tunayaona kupitia macho ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyetoroka ndoa na Raza, mzee mwenye duka. Kwake mtaa wa Ng'ambo ni ugeni, hivyo vyumba, vyakula, taarab na utani wa mtaa vinaweza kuelezwa kwa kina bila kuonekana kama mtalii anasimuliwa. Mazungumzo nayo yamelegea na kuchangamka. Ni Kiunguja cha barazani, chenye kukatizana na kuchokozana, si kauli mbiu za kupokezana.

Amil Shivji alipoifanya riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021, alipata kwa wingi kile ambacho kamera hukitaka: nyuso, nyumba, muziki. Lakini kwangu ushahidi mkubwa wa ukomavu wa Shafi ni Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Ni mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali, anayempokea mgeni aliyekataliwa na watu wake, akamlaza, akamlisha, akamwingiza katika ulimwengu wa taarab. Hakuna anayekuja kumzindua. Hahitaji Vuai wala Faraji, na mwandishi hakumwandikia hotuba.