Départ Volontaire: Solde Mkononi, Nyumba ya Nani?

Tukizungumza juu ya Opération Départs Volontaires ya Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, ile ya 2003 na 2004, ugomvi huwa wa hesabu: nani alipunjwa, mishahara ya miezi mingapi ilimezwa, kwa nini kanuni ya kuhesabu malipo iliyoitwa ya Castiglioni ilipita juu ya makubaliano ya kazi. Ugomvi wa haki, na waliolalamika hawakuwa wajinga. Ila kosa ninaloliona mimi linakuja kabla ya hesabu. Wafanyakazi 10,655 waliagwa kwa pesa taslimu, mara moja, basi, wakati soko la nyumba Lubumbashi lilikuwa limelala chini kabisa, na hakuna aliyefikiri kuwalipa sehemu ya haki yao kwa nyumba yenye karatasi. Orodha ilisomwa, zamu zikapangwa, kazi ikaisha kwa miezi michache. Kwa utekelezaji huo sina neno.

Tazama wakati wenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 2003 haikufika 20,000. Mji unaokula kwa mkono mmoja, mkono ukipooza, kila mtu anauza na wa kununua haonekani. Katikati ya ukame huo zikaingia dola milioni 43 hivi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Gawanya mwenyewe: wastani wa dola 4,000 hivi kwa mtu. Solde hiyo, yaani malipo ya mwisho, ilimkuta baba mwenye deni la unga, la shule na la hospitali, aliyekaa miezi mingi bila mshahara. Ikapita mkononi kama maji. Na waliopanga walijua soko halitalala milele, maana sheria mpya ya madini ilikwisha tiwa sahihi Julai 2002, ili kuita wageni. Tani moja ya shaba, iliyouzwa London chini ya dola 2,000 mwanzoni mwa 2003, ilipita dola 8,000 Mei 2006. Kampuni zikaja, wakubwa wao wakataka nyumba katika mitaa ya Golf na Makomeno, kodi ikapanda hadi mitaa ya wadogo. Aliyekuwa na nyumba akawa bailleur, mwenye kupangisha. Aliyekula solde akaenda kumlipa garanti ya nyumba.

Nitajibiwa kwamba wengi walikuwa tayari wanaishi katika nyumba za kampuni. Kuishi ni kitu kimoja, kumiliki ni kingine. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 219, inasema haki juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement peke yake. Kuandikiwa na mkuu wa mtaa hakutoshi, wala mashahidi watatu na chupa ya bia, wala karatasi ya komisioneri, dalali wa nyumba (komisheni yake hailipwi na ukweli wa karatasi, inalipwa na haraka yako). Certificat ikipita miaka 2 bila kupingwa, haitikisiki tena. Kumlipa mtu dola 4,000 bila kumsaidia kufika kwa conservateur, mtunza hati za ardhi, ni kumpa mbegu bila shamba.

Jibu la pili lina uzito zaidi: wafanyakazi wenyewe walitaka pesa mkononi, kwa sababu hakuna aliyeamini tena ahadi ya Gécamines. Kweli. Malipo ya kidogo kidogo yangekuwa dhihaka juu ya dhihaka. Lakini nyumba iliyoandikwa kwa jina lako katika kitabu cha conservateur haingoji kampuni ipone. Na mji huu ulikwisha kuona njia nyingine. Ferdinand Grévisse, mtawala katika Élisabethville (Lubumbashi ya leo), alikuwa mkoloni na Katuba ya 1950 ilikuwa mtaa wa kutenga Waafrika, hilo halifutiki. Lakini mkopo aliompa mkazi ulikuwa wa kujengea: ofisi ilisimamia kazi, kuta zikapanda, deni likalipwa polepole. Pesa iligeuka tofali kabla haijageuka unga. Mkoloni wa 1950 alilifikiria hilo. Mabwana wa Washington na Kinshasa, miaka 50 na zaidi baadaye, hawakulifikiria.

Somo la 2003 halijazeeka, kwa sababu soko letu la nyumba linaanguka kila mara shaba au kobalti inapoanguka: mwishoni mwa 2008, tena 2015 kampuni ya KCC iliposimamisha uzalishaji Kolwezi, tena 2019 mgodi wa Mutanda ulipofungwa kwa muda. Kila mara zinatokea nyumba za bei ya kutupwa na wauzaji wenye haraka, na mnunuzi anahesabu vyumba kwanza. Hesabu vyumba mwishoni. Kabla hujatoa hata dola moja, omba namba ya certificat, uiache simu ya komisioneri iite, uende na namba hiyo mwenyewe kwa conservateur ukaulize ni jina la nani lililoandikwa pale.