Saa ya Taharuki: Kaida za Riwaya ya Kijasusi Zikitazamwa kutoka Mpanda
Istilahi ‘riwaya pendwa’ huficha tofauti ya msingi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mauaji yamekwisha kutendeka. Bwana Msa humsaka mtendaji, na msomaji hufikiri pamoja naye. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) ya Elvis Musiba, Willy Gamba hutumwa Kinshasa kukabili hatari inayoendelea. Msomaji hushindana na saa. Kaida hii ya kijasusi huegemea miji mikubwa, ndege na hoteli. Mpanda, inapoishia reli itokayo Kaliua, inaihoji: penye njia chache za kutorokea, taharuki hukuzwa na kungoja, si mbio. Njama itakayosukwa Katavi itadai saa nyingine.