Ukuta na Karatasi: Kuhusu Sanaa ya Rosemary Karuga

Uhakiki wa sanaa katika Afrika Mashariki umezoea kugawa kazi mafungu mawili. Picha itundikwayo huitwa sanaa. Ukuta uliorembwa na mwanamke huitwa kazi ya nyumbani. Kazi za Rosemary Karuga (1928–2021) zaulazimisha uhakiki kuutazama upya mgawanyo huo.

Karuga alizaliwa Meru, akasomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu. Ni katika miaka ya 1980, umri umesonga, alipojulikana kwa picha za kubandika. Karatasi za sabuni na mifuko ya unga alizikata vipande vidogo vya rangi, akaviunda kuwa wanawake wa kijijini, kuku na wanyama. Mwaka 1990 alikuwa mwanamke pekee katika maonyesho ya wasanii wa Afrika yaliyofanyika Studio Museum, Harlem.

Upweke huo wastahili kuzingatiwa. Huko Los Angeles, mwaka 1972, Judy Chicago na Miriam Schapiro waliongoza kundi la wanawake kuigeuza nyumba nzima kuwa kazi ya sanaa. Schapiro alibandika vitambaa na lesi, akitetea heshima ya washonaji wasiotajwa majina. Karuga hakuwa na kundi la namna hiyo. Hata hivyo, si lazima chimbuko la mbinu yake litafutwe ng'ambo.

Katika Bonde la Lambwe, kama kwingineko Unyanza, mwanamke ndiye asiribaye nyumba ya udongo. Hupaka kwa kiganja udongo wa rangi mbalimbali, akafuata mkondo wa mkono wake. Mvua ikifuta pambo, huanza upya. Haidaiwi hapa kwamba Karuga aliiga kuta hizo. Linalowaunganisha ni kanuni moja ya ujumi: rangi hutokana na kilichopo karibu, na uzuri hauachani na matumizi ya kila siku.

Tofauti nayo ipo. Karatasi ya Karuga hudumu na ina jina, ukuta hauna. Basi mhakiki amsifuye Karuga, huku akiuita ukuta wa Lambwe usafi wa nyumba tu, hana budi kueleza alichokisifu: ni mkono wa mwanamke, au ni fremu iliyouzunguka?