Mwenye Funguo

Katika hadithi nyingi za maajabu, gereza la chini ya ardhi ni mahali pa shujaa kupita tu: huingia, hupambana na majoka, hutoka na hazina. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alifanya jambo jingine katika The Tombs of Atuan, riwaya yake ya mwaka 1971. Alilitazama gereza kwa macho ya mwenye funguo.

Huyo ni Tenar, mtoto aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa na miaka 5, akapewa jina jipya, Arha, yaani Aliyeliwa. Kazi yake ni kuitumikia mizimu isiyo na majina, inayokaa katika mzingile wa giza. Njia zake huzijua kwa kupapasa kuta na kuhesabu vichochoro, maana pangoni mwa mizimu taa ni mwiko. Ged, bingwa wa uganga, anapoingia kutafuta nusu ya pete, Arha anamfungia mlango wa chuma, kisha anamchungulia matunduni akidhoofika kwa kiu. Nani anayetawala hapo, binti au giza? Arha anadhani ni yeye. Lakini ni mwanga wa fimbo ya Ged uliomwonyesha, kwa mara ya kwanza, kwamba pango lile limejaa fuwele zinazometameta. Alikuwa akimiliki asichopata kukiona.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilipokuwa kiranja wa bweni nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, na usiku mmoja nikamfungia humo mvulana mdogo aliyechelewa kurudi. Alilia. Nilikaa nje nikimsikiliza, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo sheria ya shule.

Kwa hiyo ninalo lalamiko. Kabla ya Ged kufika, Arha alikwisha kuamuru wafungwa 3 wafe kwa njaa na kiu. Mwishoni Ged anamfariji kwamba alikuwa chombo tu cha uovu, na uovu umekwisha kumwagika. Faraja hiyo naiona nyepesi mno. Afadhali Tenar mwenyewe, anayeomba aachwe peke yake mahali pasipo watu, alipe deni lake. Mzingile unaporomoka kwa tetemeko, lakini wale watatu hawafufuki.

Stoo ile sikuijenga mimi, wala sheria sikuitunga. Ufunguo niliugeuza mimi.